Ruhusa ya Kuruka Shabunda

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Yaya Priscille, dada yangu mkubwa, bado yuko Shabunda. Mapacha tumboni, mmoja amekaa vibaya. Daktari anasema apasuliwe kabla ya Jumapili, na dawa ya usingizi imekwisha. Barabara imekatika. Ndege yetu ndogo ya misheni iko Kindu, dawa zipo, rubani yuko tayari — lakini anga limefungwa kwa sababu ya vita! Kazi yangu hapa Bukavu ni phonie, redio yetu ya mawasiliano, na makaratasi. Basi makaratasi yatatoka, wapende wasipende.

Jumanne, 7 Oktoba
Nilimwuliza rubani, Papa Guylain, kwa phonie: anga linafungwaje na halina mlango? Akacheka. "Maman Adèle, karatasi njo mulango." Yaani karatasi ndiyo mlango wenyewe: ndege yenye ruhusa ina nambari, njia na saa zake, na pande zote mbili za vita zina orodha. Rada ikiona nyingine, wanaiita. Isipojibu, kombora. Na drone haiiti mtu. Nimeogopa, nakiri. Kisha nikaandika barua ya nne ya kuomba ruhusa.

Alhamisi, 9 Oktoba
Serikali ya Kinshasa ilikubali jana. Ilibaki waasi wanaoshikilia Bukavu wapige muhuri. Bwana wao wa muhuri akasema nirudi lundi, yaani Jumatatu. "Papa, mimba haiko nangoya lundi!" Nikakaa kwenye benchi na thermos yangu hadi akachoka kuniona. Ruhusa imetoka! Kesho, saa tatu hadi saa nne asubuhi. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Mimi sikuvumilia, nilisumbua.

Ijumaa, 10 Oktoba
Saa tatu na dakika kumi. Papa Guylain ameruka! Nasoma karatasi tena, kwa furaha tu, hadi maandishi madogo ya chini: *heure de Kinshasa*.

Mungu wangu. Kinshasa wako nyuma yetu saa moja. Kwao ni saa mbili na dakika kumi — ruhusa haijaanza! Miaka kumi na moja ya phonie, na nimesoma kwa saa ya Bukavu.

Nimemwita, nimemwambia yote. Arudi Kindu, aruke tena saa nne ya huku kwetu.

"Mafuta ya kuruka mara mbili haiko, maman."

"Rudi, papa. Mafuta nitatafuta miye."

Kwenye phonie kila mtu anasikia. Aimée, muuguzi wa Shabunda, akaingilia: "Priscille iko tayari ku meza ya kupasuliwa. Uchungu ilianza."

Nimeshika kipaza sauti. Nimerudia: geuka, papa, geuka. Nasikia injini yake kwenye phonie. Hajajibu.