Udi wa Ami Bakari

Jumamosi, Msambweni. Joto limebana tangu alfajiri, wala jani halitikisiki.

Jana magharibi gari la sinema la serikali lilituonyesha picha iliyopigwa hapa hapa kijijini: Ami Bakari, mdogo wake baba, akipiga udi arusini. Sauti ilikuwa yake. Nyuzi hazikuwa zake. Uzi ukipigwa hutetemeka upesi hata jicho lisiufuate. Juu ya kitambaa cha sinema zilijikunja polepole, kama nyoka walioshiba.

"Yallah! Apigaye si Bakari," akasema mwanamke nyuma yangu. "Ana mwenzake."

Hakuna aliyecheka.

Nikasimama, nikahutubu. Kamera haioni kama jicho! Hupiga picha moja moja, na baina ya picha na picha hufumba. Ikifumba, uzi haungoji. Kamera huokota vipande, nasi twaviunga, tukaona mwendo ambao haukuwapo kamwe. Ndivyo serikali inavyotutazama sisi: hutuokota vipande, kisha hutuambia tu watu gani! Huko bara wenzetu wanafungwa kwa vipande hivyo hivyo!

"Mwanachuo," akanijibu seremala mmoja, "kwani huko Uganda unakosoma hakuna majini?"

Hapo walicheka. Kicheko kibaya.

Leo asubuhi wenye arusi ya Ijumaa ijayo wamemkataa Ami. Ameshika njia ya Ukunda kuwabembeleza. Shangazi Mwanaisha, dada yake aliyemlea, hajala kitu. Anaamini jini litamchukua nduguye. Adhuhuri alinijia chumbani, macho mekundu.

"Baba, uchomwe udi?"

Nilikuwa naandika hotuba. Nikafikiri chetezo, makaa, moshi wa kunukia; ushirikina usiomdhuru mtu.

"Haya, Shangazi, uchomeni. Yaishe."

"Umeridhia wewe, msomi?"

"Nimeridhia."

Akalia. Sikujiuliza kwa nini mtu amlilie chetezo.

Alasiri moshi uliingia dirishani, nao haukunukia. Ulinuka vanishi na gundi.

Nilitoka mbio. Uani, Shangazi alikuwa amepiga magoti akisoma dua, na katika moto mlikuwa na shingo ya udi, tumbo lake limekwisha kupasuka. Uzi wa mwisho ulikatika mbele yangu, upesi hata jicho halikuuona.

Yeye aliuliza udi. Mimi nikajibu udi.

Jua linashuka, na Ami yumo njiani. Nimlaumu nani safari hii, serikali?