Mlango Huyu

Chumba cha nyuma,
Duka la vitabu.
Jumapili, mchana.

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za ndugu ambaye naye amebakiwa na ndugu mmoja tu. Je, goti lako linaendeleaje? Umeanza kulikunja, au bado unashuka ngazi kinyumenyume kama ulivyonieleza? Na shemeji, kikohozi kinamwacha alale? Wajukuu nawasalimu wote, hata yule aliyenichora bila shingo. Mimi ni mzima, ila kifua hubana mvua inaponyesha, na huku haijakatika kwa wiki mbili.

Barua yako niliipata na nimekwisha kuisoma mara nne. Nimechelewa kuijibu, na sababu si kazi. Hata hivyo nitaanza na kazi, kwa kuwa ndiyo iliyo rahisi kueleza.

Uliuliza kama sijachoka kuuza vitabu katika umri huu. Vitabu havichoshi, mdogo wangu, watu ndio wanaochosha. Mama mwenye duka amenipa sehemu ya vitabu vikuukuu, huku nyuma, ambako ukuta unatoka jasho na taa ni moja. Binti wa kaunta amenibandika jina la Mzee Nukta, kwa madai kwamba nikimaliza kusema hakuna anayethubutu kuongeza neno.

Wateja wa huku wangekuchekesha. Wiki iliyopita alikuja fundi seremala na kipande cha mbao mkononi, akataka kitabu chenye unene uleule, kwa sababu mguu mmoja wa kitanda chake umevunjika. Nilimwuliza imekuwaje seremala ashindwe na mguu wa kitanda, akanikumbusha kwamba mganga hajigangi. Nilipomwuliza anapenda kitabu cha habari gani, alifikiri kidogo, akasema yoyote, mradi isiwe ya kusisimua, maana mkewe ana usingizi mwepesi. Siku hiyohiyo aliingia dereva akihema, akaagiza kitabu cha kufundisha subira, na kabla sijageuka akaongeza, “Lakini fanya haraka mzee wangu, nimeegesha vibaya.” Yupo pia bibi mmoja aliyerudisha kamusi. Alisema ameivumilia hadi herufi ya M, na mpaka hapo hakuna hata mtu mmoja aliyeoa.

Binti wa kaunta hucheka mpaka akalalia meza. Mimi huwasahihisha. Anayeniomba “vitabu mengi” hapati hata kimoja mpaka aseme “vingi”. Na ule ugonjwa wangu wa kalamu nyekundu sikuuacha nilipostaafu ualimu. Kila kitabu kikuukuu hukipitia kabla ya kukiweka rafuni, na kosa nikiliona siliachi. Mwenye duka hajui. Nilikuwa nikijiambia kwamba ninawafanyia wasomaji hisani.

Sasa nikueleze habari ya mshona nguo.

Huyu ni mwanamke wa makamo. Hutembea na pini kwenye ukosi wa gauni, na sindano moja akiibana mdomoni hata anapozungumza. Alikuja mara ya kwanza akitafuta kitabu cha watoto ambacho baba yake alikuwa akimsomea. Jina hakulikumbuka. Alichokumbuka ni kwamba ndani yake kuna mahali palipoandikwa “jua alichoka akalala”. Nilimweleza kwamba haiwezekani, kwa kuwa jua halina uhai, na sentensi sahihi ni “jua lilichoka likalala”. Akatoa sindano mdomoni, akasema, “Mzee, mimi natafuta kitabu. Sijaja kwenye mtihani.”

Hata hivyo hadithi yenyewe niliitambua, nikampa toleo jipya. Akafunua, akasoma, akalirudisha, akasema hiki sicho, hiki kimenyooshwa. Wiki iliyofuata alirudi, na iliyofuata tena. Mara ya tatu alinieleza sababu. Baba yake yu kitandani na hamtambui mtu. Mzee humwita binti yake shangazi, muuguzi humwita mama, na mkewe hamwiti kabisa. Lakini ukisema “jua alichoka” yeye humalizia “akalala”, na kwa kitambo kidogo anakuwa baba yao. Hayo maneno matatu ndiyo yaliyobaki, na binti alitaka kumsomea mengine yaliyoyazunguka, huenda naye akatoka alikojificha.

Nilikitafuta kwa siku tatu, nikapanda ngazi na kifua hiki, mpaka nikakipata. Kilikuwa kwenye rafu ya juu kabisa, nyuma ya atlasi, na nilikitambua kabla sijakifungua, maana mimi ndiye niliyekiweka huko. Kila ukurasa ulikuwa mwekundu. Kila “alichoka” nilikuwa nimelikata kwa mstari na kuandika juu yake “lilichoka”. Kila upepo, kila mto, kila jiwe lililokuwa likitembea na kusema, nilikuwa nimelirudisha kwenye ngeli yake.

Alikifungua mbele yangu. Akauliza ni nani aliyefanya hivi. Nikamjibu kwamba ni mwenye kitabu wa kwanza.

Alikichukua hivyohivyo. Baada ya siku kumi alipita tena, akiwa amevaa nguo nyeusi aliyoishona mwenyewe kwa haraka. Upindo wake haukuwa umenyooka. Alisema alimsomea yaliyo chini ya wino, lakini alikuwa akikwama kila mstari kuyatafuta, na mzee alikuwa hana muda wa kumsubiri. Kisha akaniomba jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kuniomba. Alisema nikimpata huyo mwenye kitabu wa kwanza, nimwambie kwamba baba yake alikielewa chote bila kusaidiwa.

Mdogo wangu, hii ndiyo sababu ya kuchelewa kwangu. Katika barua yako umeniomba nikuandikie hadithi ya mama, ile ya mlango uliokataa kufunguka, kwa kuwa wajukuu wanaitaka na wewe umeisahau. Umesema niiandike vizuri, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Na ukaandika tena lile unaloandika kila mwaka, kwamba mama aliacha kutusimulia kwa ajili yako, kwa sababu siku ile ulimwambia umekua na hutaki tena hadithi za kitoto. Miaka hamsini na miwili umelibeba hilo, nami nimekutazama ukilibeba.

Si wewe.

Siku moja kabla ya hapo nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, na wenzangu watatu walikuja nyumbani. Wewe ulikuwa umekwenda kisimani. Mlango wetu ulikwama, kama kawaida yake. Mama akawaambia kutoka ndani, kwa ukarimu wake wote, “Mpigeni bega, mlango huyu ana wivu na wageni.” Wenzangu wakacheka. Mmoja akaniuliza kama mlango huyo ni wa kike au wa kiume. Nikaona aibu, na badala ya kuwaonea aibu wao, nikamwonea mama.

Walipoondoka nilimkalisha kwenye kigoda. Nilimweleza kwamba “huyu” ni kwa wenye uhai, watu na wanyama. Nikamtaka aseme “mlango huu” mara tatu. Alisema, mdogo wangu. Alikunja mikono mapajani kama mtoto wa darasa la kwanza, akasema mlango huu, mlango huu, mlango huu. Jioni ulipomwomba hadithi, alifungua kinywa, akanitazama, akakwambia amesahau. Baadaye, ulipokuwa umelala, aliniambia kwa sauti ya chini, “Afadhali ninyamaze mimi, nisije nikamharibia mtoto lugha.” Kesho yake wewe ulimwambia umekua. Ulikuwa umenuna tu, kama mtoto yeyote aliyenyimwa hadithi.

Ningeweza kumwomba aendelee. Niliona amefanya uamuzi wa busara.

Nawe hukuwapo siku yake ya mwisho, kwa hiyo hili pia hulijui. Alitaka maji. Alinyoosha kidole, akasema, “Nipe kikombe hu… kikombe hi…” akanitazama, akitafuta ngeli. Pumzi zilikuwa zimebaki chache, naye alizitumia kutafuta ngeli. Nami nilimwambia, “Hiki, mama.” Ndipo nikampa maji.

Hadithi hukuisahau peke yako. Hata mimi siikumbuki jinsi inavyokwenda. Lakini ipo. Nilipoanza kufundisha nilihitaji mifano ya makosa, nikaandika daftarini sentensi za mama nilizokuwa nikizikumbuka, na kwa miaka thelathini niliziandika ubaoni ili watoto wa watu wazisahihishe. Walikuwa wakizicheka. Daftari hilo nimelifunga pamoja na barua hii. Kuna sentensi arobaini na moja, na nyingi ni za mlango: mlango aliyeona wivu, ufunguo aliyekuja kumposa, kizingiti aliyetoa ushauri, mvua aliyebisha hodi siku tatu bila kujibiwa. Hazijapangwa. Nilizipanga kwa aina ya kosa. Wewe ulikuwa ukilala kifuani pake akisimulia. Ukizisoma kwa sauti, huenda ukajua ipi hutangulia na ipi hufuata.

Wasomee wajukuu kama mama alivyosema. Utakapokuta wino mwekundu, soma kilicho chini yake. Usiharakishe; goti halikuruhusu kwenda popote.

Sikuombi unijibu upesi, wala sikuombi uniite kaka kama zamani kabla hujawa tayari. Nataka tu usiandike tena kwamba ni wewe. Msalimu shemeji, mwambie asilale dirisha likiwa wazi. Mwambie yule mchoraji kwamba shingo ninayo, ila imeinama.

Mshona nguo bado hupita mbele ya duka kila asubuhi. Kesho nitatoka kwenye mvua, nimwambie ni nani aliyekuwa na kalamu.

Barua huyu akichelewa, msamehe, ni mzee na njia ina matope. Akibisha hodi, mfungulie.

Ni mimi,
kaka yako.