Bima Imenikatalia Mgongo kwa Sababu Nilisema Sijambo

Mpendwa Bi Orpha,

Nisaidie, na usicheke sana, mimi ni Verlon Stuckey niliyeendesha lori majimbo arobaini na nane ya Marekani, nimekunywa chai kwenye yote na kugombana kwenye nusu yake, shule niliishia darasa la nane lakini barabara imenisomesha, na sasa pingili mbili za mgongo zimehama mahali pake, mguu wa kushoto umekufa ganzi mpaka juzi kiatu kilinitoka mguuni njiani nikafika kanisani bila kujua, na daktari anasema nisipopasuliwa kabla ya baridi kuingia huenda nisitembee tena. Upasuaji ni dola elfu tisini na bima wamekataa. Unajua wameandika nini? "Mgonjwa mwenyewe anasema hajambo kabisa." Na kweli nilisema! Kila binti anayenifanyisha mazoezi ya viungo hospitalini aliponiuliza, "Habari za leo, Bwana Stuckey?" nilimjibu, "Nikizidi uzima huu polisi watanikamata!" maana kwetu Arkansas mtu akikuuliza hali huanzi kumhesabia viungo vinavyouma, mama yangu angenizaba kibao, na aliponiambia nipime maumivu kutoka sifuri hadi kumi nikasema mbili, kumi nimewaachia wanawake wanaojifungua.

Sasa jirani yangu Harlan anataka kanisa likaange kambare Jumamosi, watu waje kula na watoe walichonacho kunichangia upasuaji. Nikamwambia, "Harlan, miaka ishirini mkaangaji hapa ni mimi, wewe utaunguza!" Akanijibu, "Kaa chini, mzee, hata kusimama kwenye karai huwezi." Mke wangu Nadine akacheka mpaka machozi, halafu akalia kweli. Mimi naona niuze lori nilipe mwenyewe. Nifanyeje?

Verlon

Bwana Stuckey,

Nimecheka, nikamsomea mume wangu, naye akacheka. Kisha nikakasirika. Umezunguka nchi nzima na hukuona kwamba yule binti alikuwa anaandika? Jirani mwambie hujambo. Mtu mwenye kalamu mwambie ukweli. Pole kwa mguu, lakini utani huo ndio uliokufikisha hapa.

Lori usiuze. Barua ya bima ina tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, kwa herufi ndogo, itafute leo. Jumatatu mpigie daktari, aongee yeye mwenyewe na daktari wa bima na kuwapelekea picha za mgongo, maana picha haijui adabu za Arkansas. Binti wa mazoezi akupime upya. Wakikataa tena, dai wakaguzi wa nje, wasiolipwa na bima hiyo. Na hospitali waulize kama wana msaada wa malipo kabla hujatia saini chochote.

Kambare wakaangwe. Miaka ishirini umewalisha watu hao, leo unawanyima zamu yao? Huo ni uchoyo, bwana. Kula, shukuru, na mafuta ya Harlan yasikuhusu.

Kwa daktari usiingie peke yako. Ingia na Nadine. Ukiulizwa unaumwa wapi, funga mdomo, ajibu yeye.

Orpha