Kanyoka Katikati ya Maombi

Jumapili, Juni 2015

Wanaume wazima wa kanisa, wote juu ya makochi yangu na viatu vyao! Sababu? Kanyoka kembamba kama kamba ya kiatu, kametoka besimenti, chumba cha chini ya nyumba, katikati ya maombi. Niliwaambia haka hakana sumu. Nani alinisikiliza?

Mchungaji alikakemea. Shemeji akaitisha mafuta ya taa. Mafuta ya taa, huku ughaibuni, Brooklyn Center!

Nikavaa glavu za kazini, nikakasukuma kwa ufagio hadi ndani ya ndoo, nikafunika, nikaenda kukaachilia kwenye nyasi kando ya kijito.

Niliporudi walikuwa wameshuka. Mchungaji akauliza polepole, "Dada, mbona wewe hukuogopa?"

Sasa mchawi ni mimi. Chai yangu yote imebaki kwenye vikombe.