Mtu wa Kumi Anakaa Komarock

Kwako Baba, uliyetangulia kupumzika,

Jana nilimaliza kukusomea Kadishi, ile sala ya wafiwa. Miezi kumi na moja imetimia, kama desturi yetu inavyomtaka mtoto wa marehemu, na nimechoka. Nakuambia wewe kwa sababu wengine watadhani nimemchoka Mungu. Mungu sina neno naye. Nimechoka na viti.

Unavikumbuka viti vile vya plastiki? Kila Ijumaa jua likiwa bado juu navipanga ishirini, ingawa hatujawahi kufika hata kumi na tano. "Panga vya watakaokuja," ulikuwa ukisema. Ulisema vizuri, kwa sababu mbebaji nilikuwa mimi. Nikishapanga nafagia, nabandika birika kwenye jiko lililofukiwa majivu ili chai ibaki moto bila mtu kugusa makaa siku ya Sabato, kisha nawasha taa ambayo haitazimwa hadi kesho yake jioni. Ijumaa moja mwezi uliopita nilisahau taa. Asubuhi tukakuta chumba giza tupu, tukasalia koridoni chini ya nguo za wapangaji zilizoanikwa, shati la mtu likinidondokea maji kitabuni.

Mama Wanjiku, mwenye nyumba, alituona akacheka. Huyu tangu atukodishie chumba hiki cha chini hapa Kayole anaamini sisi ni Wasabato. Nakumbuka alivyokuuliza mara ya kwanza: "Nyinyi ni Wasabato wa aina gani, hata kwaya hamna?" Ukaketi naye kwenye ngazi ukamweleza kwamba sisi ni Wayahudi, kwamba hatuna rabi wala mfadhili, kwamba tulisoma wenyewe tukaamua wenyewe, na kila kazi inafanywa na mwenye nafasi. Akakusikiliza hadi mwisho. "Sawa, mzee," akasema. "Lakini kwaya ingewasaidia."

Wewe ulikuwa mchongaji, tena hodari. Twiga wako walisafiri mbali kuliko sisi sote. Ulipoingia katika njia hii ukaacha kuchonga sanamu, ukabaki na miko na vigoda, na Mama akasema umeacha kuchonga twiga ukaanza kuchonga njaa. Lakini kabati ulilotutengenezea la kuwekea gombo la Torati, hata yeye alilipapasa kwa mikono miwili. Gombo lenyewe hatujapata hadi leo. Ndani mna kitabu cha chapa chenye jalada lililobanduka, na kila kinapotolewa tunasimama.

Kuna Jumamosi moja siwezi kuisahau. Sala kama Kadishi hazisomwi bila watu wazima kumi, na siku zile ulihesabu wanaume peke yao. Tena hatuhesabu watu kwa namba, ni mwiko. Unatamka aya yenye maneno kumi, kila mtu na neno lake. Wanaume walikuwa tisa, na mimi nimekaa nyuma na kitambaa changu. Ulifika neno la tisa. Ukanitazama muda mrefu hadi nikaona haya. Kisha ukaninyooshea mkono, ukatamka la kumi. Mzee mmoja alichukua kofia yake akatoka, na hajarudi mpaka leo. Basi tukabaki tisa, na sala haikusomwa! Njiani nililia nikisema nimekuharibia. Ukanishika bega. "Usilie, Mwende. Nilichelewa kukuhesabu."

Tangu utuache, neno la kumi ni la Kioko. Unamjua, yule dereva wa basi la shule anayekaa mtaa wa jirani, Komarock. Kila Ijumaa nampigia. "Kioko, kesho?" Naye hujibu, "Niko, sista. Niko ndani kabisa." Kesho yake kiti kitupu. Na kwa kuwa Sabato hatushiki simu wala hatupandi gari, lazima mtu atembee hadi Komarock kumgongea mlango. Huyo mtu ni mimi. Miezi kumi na moja, Baba. Majirani zake huenda wanadhani namdai.

Jana ilikuwa Kadishi yako ya mwisho. Tulikuwa tisa. Saa nne ikapita, saa nne unusu ikapita. Wengine wakaanza kuangalia mlango, mwingine akaanza kusinzia. Nikashindwa kuvumilia. Nikatoka bila kumwambia mtu, nikashika Spine Road na gauni langu jeupe, nikimtukana Kioko moyoni kwa maneno yasiyofaa siku takatifu. Niligonga mlango wake hadi jirani akachungulia. "Kwani unatafuta Kioko? Huyo ametoka kitambo. Amekata njia huko nyuma kwa maploti."

Tulikuwa tumepishana. Nikasimama pale kama mjinga. Tulikuwa tisa na mimi ndani yao. Nilipotoka nikaacha wanane, Kioko akafika akawa wa tisa, na mtu wa kumi alikuwa mimi, nimesimama Komarock nagonga nyumba isiyo na mtu. Nilikuwa nimejisahau kabisa. Nilirudi mbio, kandambili ikakatika, nikamaliza njia mguu mmoja mtupu. Nikawakuta wameimba kila zaburi wanayoijua, wengine kwa sauti ya kukata tamaa, na Mama Wanjiku amesimama mlangoni akitikisa kichwa kwa furaha. "Sasa hiyo ndiyo kwaya!"

Nilisoma Kadishi nikihema. Wakaitikia amina kila mahali panapotakiwa. Nilidhani nitalia, maana ndani yake hakuna hata neno moja la kifo, ni sifa tupu, na hilo lilikuwa likiniliza kila wiki. Jana sikuhisi kitu ila kiu.

Sasa nikuambie nililokuficha. Wiki iliyopita nilimwambia Mama Wanjiku kwamba mwisho wa mwezi tunahama. Nilipanga baada ya sala niwatangazie wote: nimemaliza deni langu kwa baba yangu, anayetaka ufunguo achukue. Sikuona wa kuuchukua. Jana nilifungua kinywa mara mbili, nikaishia kuwakaribisha chai.

Leo asubuhi Kioko amekuja kwangu, macho mekundu. Sikumkaribisha vizuri. Nilianza hapo hapo mlangoni, "Wewe jana umenikimbiza—"

"Sista, mathe ameenda."

Ijumaa alishinda na mama yake hospitalini Machakos. Jioni akarudi Nairobi, akazima simu kama tufanyavyo. Mama yake alikata roho jana mchana. Yeye alikuja kuipata habari Sabato ilipoisha, alipowasha simu. Nikamuuliza kwa nini hakubaki naye. Akanitazama kana kwamba swali halina maana.

"Si ulisema ni ya mwisho ya mzee? Ningekosa aje?"

Niliona aibu, Baba, aibu ambayo sijawahi kuiona. Kisha akauliza, huku ameinamisha kichwa, "Mathe alikuwa mtu wa kanisa. Si wa kwetu. Naweza kumsomea? Mtakuwepo?"

Nikamwambia amzike mama yake, kisha Jumamosi aje, tutakuwa kumi. Akikosa hata mmoja, sijui tutamtoa wapi mwingine. Alipoondoka nilikwenda kwa Mama Wanjiku nikamwambia hatuhami.

Miezi kumi na moja mingine, Baba. Sijapumzika hata siku moja tangu yako iishe. Na nimechoka vilevile. Ijumaa nitaanza kupiga simu mapema.

Binti yako,
Mwende