Utepe Mwekundu Chini ya Minyaa

Nyarugusu, 9 Agosti 1997

Dada Paskazia,

Shikamoo. Nimeona dhahabu chini ya kaburi la mama, na sijamwambia mtu yeyote.

Tangu nimalize shule naingiza vipimo vya miamba kwenye kompyuta ya watafiti. Kila shimo walilotoboa linaonekana kama kijiti, na penye dhahabu panawaka rangi nyekundu, pasipo nayo bluu. Ukitazama kwa juu, ni madoa yaliyotawanyika tu. Juzi mmoja wa watafiti, Bwana Ankit, alinifundisha kuizungusha picha kwa kipanya. Nilipoilaza ubavu, madoa yakajipanga yakawa utepe mmoja, unaoanzia shimo la kwenye ua wetu wa minyaa na kupita chini ya mama.

Kaka Pantaleo, mchimbaji yuleyule, hunitania kila nikirudi: "Msomi wa ofisini, leo umeiona wapi?"

Jana nilimjibu, "Kwetu hakuna kitu, kaka. Bluu tupu."

Akacheka. "Basi mama alale kwa amani."

Leo ameleta saruji, analijengea kaburi, na mimi ndiye ninayemchotea maji.

Nikisema ukweli, atachimba, unamjua. Nikinyamaza, watafiti watakuja na mashine, maana picha hiyo wanaiona pia. Njoo upesi, dada. Sema mama amekujia ndotoni, anataka kuhamishiwa kwako Tinde, alale karibu na wajukuu. Pantaleo hataipinga ndoto ya mama.

Ila nilichokiona asikijue, wala shemeji asikijue. Nakuomba sana, kibaki kwako.

Mdogo wako,
Kabula