Kadi ya Gbadebo

Ibadan,
Jumanne, 12 Agosti 1997

Kwa Mama yangu, Oyo.

Mama, napiga magoti yote mawili kukusalimu, ingawa karatasi haionyeshi magoti. Umeamkaje? Mgongo unasemaje, na yale macho yanayotoa machozi ukitunga shanga ndogo? Nisalimie majirani wa uani, na yule mbuzi wako mwizi kama bado hajaliwa. Mimi mwili ni mzima. Ukiniuliza habari ya moyo, Mama, nina kinyaa. Nakula kwa sababu saa ya kula imefika, na kila ninachotia mdomoni kina ladha ya kitambaa cha kufutia meza.

Najua atakayekusomea barua hii ni dada yangu Abeke, kwa kuwa yuko hapo kwako na mwanawe Lami tangu Jumapili. Na sote tunaijua tabia yake ya kulainisha. Baba alipokuwa akituandikia kutoka Kano kwa ukali, Abeke alikusomea "nawakumbuka" mahali palipoandikwa "acheni upuuzi". Leo mwambie asome kama ilivyoandikwa, asiruke neno wala asitie sukari. Ningeweza kupanda gari nije mwenyewe, ni mwendo wa asubuhi moja tu, lakini najijua. Nikiuona uso wako nitasema nusu, na nusu nitaimeza.

Sidhani kama amekueleza yote ya kikao cha Jumamosi kwa wakweze. Tulikuta viti vimepangwa safu mbili, wao huku na sisi kule. Mumewe mwenyewe, Gbadebo, alikaa pembeni akitazama viatu vyake. Msemaji alikuwa shangazi yake, yule nesi mstaafu anayefundisha wachumba kanisani, na mkononi alishika kadi ya damu ya Gbadebo, ileile iliyopelekwa kwa mchungaji kabla ya ndoa miaka mitatu iliyopita, bado imo ndani ya nailoni. Alisema yeye si mtu wa kelele. Alisema mikono ya Lami imevimba mara tatu mwaka huu, hospitali imempima ikakuta ni SS, ana selimundu, na hilo halina ubishi. Mama yake ni AS, ana S moja isiyomuuguza, hakuficha tangu siku ya uchumba. "Basi S moja imetoka kwa mama. Ya pili imetoka kwa nani? Baba ni AA, hana S ya kumpa mtu. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la sita anaifanya. Mwanangu, mtaje tu mwenye S yake, sisi tule tukalale."

Abeke alisema hamjui mwanamume mwingine. Akaomba Gbadebo apimwe tena. Shangazi akamjibu kwamba hakuna haja ya kumtoboa mtu kidole kwa jambo lililokwisha andikwa, na kwamba damu haina adabu, haisemi uongo kwa kumwonea mtu haya. Kuna aliyecheka. Kisha akanigeukia mimi. "Ayoka, wewe ndiwe mtu wa maabara, na kadi imetoka kwenu. Ni ya kweli au si ya kweli?" Nikasema mhuri ni wetu. Abeke akanitazama. Sijui kama amekwambia hilo. Nadhani hajakwambia.

Abeke aliposimama kwenda kumbembeleza Lami aliyekuwa akilia, yule shangazi alichukua kitambaa akakifuta kiti alichokiacha. Alikifuta polepole, Mama, mpaka miguu ya kiti. Halafu wakaleta ugali wa amala na mchuzi wa mlenda wa ewedu, nami nikanawa, nikamega tonge, nikala ndani ya nyumba ile. Hadi leo naisikia ile ewedu inavyoteleza kooni.

Na wewe nawe, Mama, niwie radhi. Nimesikia umemtengea Abeke sahani yake na kikombe chake, na kwamba humwiti jina. Nimesikia pia kwamba unataka kumchanja Lami mashavu, kama ulivyowachanja kaka zetu wawili waliokufa wadogo, ili akifa na kuzaliwa tena umtambue. Nakuomba usimchanje. Wale watoto hawakuwa wakaidi wa kuja na kuondoka. Mikono yao ilivimba kama ya Lami, nawakumbuka. Walikuwa SS, na herufi zao walizipata kwako na kwa Baba, moja kwako na moja kwake, bila yeyote kati yenu kulala nje.

Niache nikueleze kwa kazi yako, maana ndivyo nilivyoielewa mimi mwenyewe nilipokuwa chuoni. Ndani ya kila chembe hai ya mwili mna kitabu kikubwa kilichofungiwa chumbani, hakitolewi nje. Mwili ukihitaji kitu, ukurasa mmoja hunakiliwa, na nakala ndiyo hutoka kwenda kwa fundi. Fundi huyo hutunga shanga. Husoma nakala herufi tatu tatu, na kila tatu humtajia ushanga mmoja: chukua huu, sasa ule, sasa huu tena, mpaka afike palipoandikwa basi. Uzi ukiisha hujikunja wenyewe ukawa kitu cha kufanya kazi. Kitu kinachobeba hewa ndani ya damu kina aina mbili za nyuzi, na aina moja ina shanga mia moja arobaini na sita. Kwa watoto kama Lami herufi moja tu imekosewa, na kwa ajili yake ushanga wa sita ni mwingine. Ushanga huo unanata. Nyuzi hushikana, chembe ya damu hupinda kama mundu, hukwama njiani, na mtoto hulia mikono.

Fundi hana kosa. Haulizi nani kaandika wala kwa nini. Alichosomewa ndicho anachotunga, tena kwa uaminifu, siku zote za maisha ya mtu.

Unakumbuka ile kazi ya yule bibi harusi wa mji wa Awe? Walikuletea uzi mmoja wa mfano kwa kuwa husomi, ukatunga arobaini kwa kuufuata, na wote wakarudishwa kwa sababu ya ushanga mweusi uliokuwa mahali pa mwekundu. Mkono wako haukukosea. Uzi wa mfano ulikatika mchana ule tukiuchezea, nami ndiye niliyeutunga upya haraka haraka. Ulimchapa Abeke. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikihesabu fimbo, nikanyamaza.

Sasa Mama, kaa vizuri. Na wewe Abeke, usisimame.

Damu ya Gbadebo niliipima mimi. Tunaweka tone kwenye karatasi maalumu na kupitisha umeme, A hukimbia mbele na S huchelewa nyuma. Umeme ulikatika kazi ikiwa nusu, nikairudia kesho yake. Mara zote mbili, hata ile iliyokatika, niliona mistari miwili. Sikuona vibaya, wala macho hayakuwa na usingizi. Ilikuwa AS, sawasawa na Abeke. Na nje kwenye benchi Abeke alikuwa amekaa na mkoba mapajani, miaka thelathini na tatu, akisubiri. Yule mchumba wa kwanza alishaondoka kwa ajili ya herufi hiyohiyo, na wewe ulishazifumua shanga za harusi ile kwa mikono yako na kusema kwamba huyu wa pili naye akiondoka, uzikwe nazo. Mchungaji alitaka kadi kabla ya Jumapili. Nikajiambia watoto watatu kati ya wanne hawatakuwa na shida. Nikachukua kalamu, nikaandika A, kisha nikaandika A nyingine. Gbadebo hakujua. Abeke hakujua. Alinikumbatia pale mlangoni, akinukia sabuni.

Kwa hiyo watu wale niliokuwa nikiwachukia katika barua hii yote, hata yule shangazi na kitambaa chake, walisoma tu nilichoandika. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Uchafu aliokuwa akiufuta haukuwa kwenye kiti cha Abeke, ulikuwa umekaa kiti cha pili ukisubiri amala. Huyo ndiye ninayemwonea kinyaa, Mama, na ndiye ninayeamka naye kila siku.

Jana nilimwambia mkuu wa maabara. Amechukua funguo zangu, na kadi zote zenye mwandiko wangu zinatolewa zipimwe upya. Asubuhi hii nilikwenda kwa Gbadebo kazini, nikamwambia mbele ya wenzake, maana ndani ya ofisi ningelainisha. Hakunitukana. Alichukua kofia yake aende hospitali kutoa damu, akafika mlangoni, akarudi kuuliza kama Lami amelala usiku. Majibu yake ni Ijumaa. Shangazi naye nimempelekea barua yake. Kama Abeke atamrudia mumewe au hatamrudia, sina neno. Nilishamwamulia mara moja.

Lami anywe maji mengi, asipigwe na baridi, na vidonge vyake visikose hata siku moja. Akipata homa msingoje asubuhi. Na ile sahani na kile kikombe virudi kabatini, Mama, watu wale pamoja.

Abeke, najua umefika hapa. Safari hii usinilainishie. Soma mpaka mwisho, kisha umsomee tena kuanzia juu, majirani wakiwepo, maana aibu yako ilipita mbele yao. Sikuombi unisamehe. Nilikunyamazia nyuma ya mlango, na Jumamosi nilikunyamazia ukinitazama.

Nisalimieni wote wanaoniuliza. Asiyeuliza pia asalimiwe. Mgongo wako, Mama, usiuinamishe juani. Hii hapa chini ndiyo kadi niliyotakiwa kuitoa miaka mitatu iliyopita, kwa wino, kwa mkono uleule.

Gbadebo Olaniyan: AS.

Mpimaji,
Ayoka, binti yako.